Viza kwanza, feza nyuma: tumechoka kuuziwa meli yenye hatutapanda

Ndugu vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia, Kindu, Kalemie na Lubumbashi,

Tangazo munalijua. Linapita mu status ya kila mutu. Meli nyeupe, ndefu sawa avenue nzima, taa zinawaka usiku, watu wanacheka na glasi mu mikono. «Siku 7 ku bahari: Barcelona, Marseille, Genoa, Tunis. Lipa nusu leo, nafasi zinaisha.» Chini kuko namba ya WhatsApp. Juu ya viza, hakuna hata neno moja.

Sisi tunasema bila kuzunguka: mwenye anamuuzia Mukongomani safari ya meli bila kumuambia kwanza habari ya viza, huyo haiko mufanyabiashara. Ni mwizi mwenye iko na ofisi na kashe. Na serikali yenye inamuona na kunyamaza, njo inamushikia ngazi.

Tunajua watu watatuuliza: «Vita iko, watu wanalala mu kambi, na nyinyi munakuja kutuongelea meli za starehe?» Swali ni nzuri, na tunalijibu. Kwanza, feza yenye inaibiwa hapa haiko ya matajiri. Tajiri iko na mutu wake ku ambasade na wakili wake. Mwenye anaanguka mu mutego huu ni fundi simu mwenye aliweka dola tano tano, ni mwalimu mwenye zamu yake ya likelemba imefika, ni ndugu wa Ulaya mwenye anatuma ili mama yake aone bahari mara moja mu maisha. Pili, Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 30, inasema kila mutu mwenye iko mu inchi hii ana haki ya kutembea, ya kutoka na ya kurudi. Kutamani kuona bahari haiko zambi. Tatu, ujanja wenye unauza meli ya starehe njo ule ule unauza kazi ya meli, na hapo hakuna tena mutu wa kucheka.

Vile wanafanya

Tumekaa na watu sita wa muji moja ya Mashariki, na resi zao ziko mbele yetu ku meza. Walikuwa na marafiki wawili wenye walikuwa wanaoana. Badala ya kununua vyombo na friji, walichanga miezi mingi ili wawatumie ku bahari. Ajanse ilipokea feza yote, ikawapa karatasi nzuri yenye namba ya kabine na saa ya kupanda. Walipouliza juu ya viza, jibu lilikuwa: «Hiyo ni kitu kidogo, tutaiona mbele.» Siku meli ilitoka Barcelona, bibi na bwana walikuwa bado wanangojea siku yao ya kuweka dosiye. Walipoenda kuomba feza yao, waliwaonyesha mustari moja ya maandishi madogo, ya Kifaransa, ku mugongo wa resi: karatasi za safari ni juu ya muteja.

Jina la ajanse hatuliandiki hapa, juu shida haiko ajanse moja. Shida ni desturi. Kulipisha kwanza na kueleza kiisha, hiyo imekuwa biashara yenyewe.

Na musidanganyike kwamba hawajui. Kampuni za ndeke mu dunia nzima zinaangalia Timatic, daftari ya IATA yenye inaonyesha paspoti gani inahitaji viza gani, ku inchi gani, hata mwenye anapita tu. Mutu wa ajanse akitaka kujua habari yako, anaipata mbele umalize chai yako. Na juu ya nini wanaangalia paspoti yako mara tatu ku uwanja wa ndeke? Ni juu kampuni yenye inaleta mutu bila viza mu Ulaya inalipishwa amende, yenye inaweza kufika maelfu ya euro ku mutu mumoja, na inapashwa kumurudisha kwa feza yake. Kampuni ya meli nayo haitaki hasara ya namna hiyo. Kwa hiyo ku bandari wanakuangalia usoni, wanaangalia paspoti, na wanakuambia ubakie ku saruji. Na feza yako inabakia kwao, juu mukataba unasema karatasi ni kazi yako.

Mambo yenye hawakuambii

Tunayaandika hapa, ili kesho mutu asiseme hakuambiwa.

Ya kwanza: Congo ni mbili. Ku liste za viza za inchi nyingi utaona mistari mbili. Yetu ina alama ya COD, ile ya Brazzaville ina COG. Fungua paspoti yako, alama hiyo imeandikwa ku ukurasa wa picha. Mu Juni 2025 Marekani ilifungia mulango raia wa inchi 12, na mu liste mulikuwa Congo ya Brazzaville, haikuwa yetu. Mwenye anasoma haraka anakata tamaa juu ya sheria ya jirani, ao anajipa moyo juu ya sheria ya jirani. Yote mbili inakula feza.

Ya pili: hata kupita tu kunaomba viza. Kuko inchi 12 zenye raia wao wanaombwa viza ya kupita mu uwanja wa ndeke wa inchi zote za Schengen, hata kama hawatoki inje ya mulango. Congo yetu iko ndani ya hizo 12, pamoja na Afghanistan, Somalia, Eritrea, Etiopia, Nigeria na zingine. Kwa hiyo tuseme umenunua safari ya meli yenye inaanzia mu kisiwa cha Caraïbes, na ndeke inabadilishiwa Paris ao Brussels. Wewe uliangalia viza ya kisiwa, basi. Ndeke ya kwanza itakuacha hapa hapa Afrika. Mwenye iko tayari na viza ya Schengen, ao ya Marekani ao ya Kanada yenye haijaisha, huyo wanamuachilia. Lakini wangapi kati yetu wanayo? Uingereza nayo inatuomba viza ya kupita.

Ya tatu: kuingia mara moja na kuingia mara mingi haiko kitu kimoja. Rudi ku tangazo letu: Barcelona, Marseille, Genoa, Tunis, kiisha Barcelona tena. Hispania, Ufaransa na Italia ziko mu Schengen. Tunisia haimo. Siku meli inaenda Tunis, wewe umetoka Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekufia hapo mu maji, na Barcelona hauingii tena. Kwa safari ya namna hiyo unahitaji viza ya kuingia mara mingi. Na bado hatujaongea juu ya sheria ya Tunisia yenyewe.

Ya ine: kila bandari ni mupaka. Wanauza meli za Ghuba zenye zinatoka Dubai, zinapita Doha na Muscat. Miji tatu, inchi tatu, sheria tatu. Kuko inchi zenye zinaruhusu abiria wa meli ashuke masaa machache bila viza, na kuko zenye hazitaki. Hata ukisema utabakia ndani ya meli na hautashuka, kampuni inaweza kukuomba viza ya kila inchi yenye meli inagusa. Kwa hiyo usiulize tu «meli inaanzia wapi?» Uliza liste ya bandari zote, na siku za kufika.

Ya tano: wakati na feza. Viza fupi ya Schengen, tangu Juni 2024, ni euro 90 ku mutu mukubwa, na wakikukatalia hazirudi. Dosiye haipokelewi mbele ya miezi 6 ya safari, na haipashwi kupita siku 15 mbele ya safari. Jibu linaweza kuchukua siku 15, na linaweza kufika siku 45. Wanaomba asiransi ya magonjwa yenye inafika euro 30,000. Paspoti iwe haijapita miaka 10, ibakie na miezi 3 kiisha ya siku ya kutoka Ulaya, na kurasa mbili nyeupe. Na unaenda wewe mwenyewe kutia vidole. Kwa wengi wetu hiyo ni Kinshasa. Kwa mutu wa Mashariki, Kinshasa haiko balabala, ni ndeke. Na tangu vita ifunge uwanja wa ndeke wa Goma mu Januari 2025, mutu wa Goma anazunguka inchi za watu ili afike ku mji mukubwa wa inchi yake. Ongeza hiyo yote ku bei ya tangazo. Njo utaona kama «dola kidogo» zilikuwa kidogo.

«Lipa kwanza, ambasade itakuamini»

Huu njo uongo mukubwa kupita yote, na tunautaja kwa jina lake. Ajanse zinasema: ukileta tiketi yenye imelipwa yote, ambasade itaona wewe ni mutu wa maana na itatia muhuri. Haiko kweli. Sheria ya viza ya Schengen inaomba rezerevasio ya kwenda na kurudi. Haiombi tiketi yenye imelipwa mupaka senti ya mwisho. Mwenye anakusukuma umalize kulipa mbele ya jibu la viza, anafanya hivyo juu ya faida yake. Anajua viza ikikataliwa, wewe njo utalia, hapana yeye.

Na tena: namba ya kabine haiko viza. Barua ya ajanse haiko viza. Picha ya meli yenye jina lako imeandikwa kwa rangi ya zahabu haiko viza. Viza inatoka ku serikali ya inchi yenye unaenda, basi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: hata mali yenye daftari inapotea, kama daftari imeshikwa na muuzaji peke yake.

Wenye wanauza kazi ya meli

Sasa tufike ku jambo lenye linatuuma zaidi. Kuko wenye hawauzi starehe, wanauza kazi: mupishi, mufagiaji, muhudumu wa baa ku meli kubwa. «Lipa feza ya dosiye, lipa feza ya nafasi, lipa feza ya viza.» Kijana anauza pikipiki yake. Mama anauza kiwanja.

Sikilizeni vizuri. Kuko mapatano ya dunia juu ya kazi za baharini, ya mwaka 2006, yenye kazi za meli kubwa zinafuata. Yanasema mwenye anatafuta kazi ya meli halipishwi feza ya kutafutiwa kazi wala ya kupewa nafasi. Yenye anaweza kulipa mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na paspoti. Viza? Inalipwa na mwenye meli. Imeandikwa hivyo. Kwa hiyo mutu akikuomba dola juu ya viza ya kazi ya meli, hauna lazima ya kumufanyia uchunguzi mwingine. Amekwisha kujitaja yeye mwenyewe.

Na serikali iko wapi?

Kila mara wanatuambia: «Vijana mujifunze, musikimbilie.» Vizuri. Lakini kujifunza wapi? Katiba hiyo hiyo inataja luga ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Mutuonyeshe ukurasa moja ya wizara, wenye uko mu luga hizo ine, wenye unamuambia raia: ukienda inchi fulani, paspoti yako inaomba hiki na kile. Kama uko, mwenye bar na mwenye kiosque hawajauona.

Lakini serikali inajua kupokea feza. Paspoti yetu, kwa mapatano ya 2015, iliuzwa dola 185 kwa raia. Mu 2017 Reuters ilionyesha kwamba ku dola hizo 185, serikali ilikuwa inabakia na 65 tu, na 60 zilikuwa zinaenda kwa kampuni moja ndogo ya Ghuba. Bei ilishuka kiisha, juu watu walipiga kelele. Musisahau somo hilo: haikushuka peke yake. Vile walifanya na paspoti njo ajanse zinafanya na meli: raia analipa, mwingine anakula, na raia anaambiwa ashukuru kwa kitabu.

Na tuseme neno moja kwa wakubwa wa Ulaya pia. Ni haki yao kulinda mipaka yao. Lakini kumuomba mutu viza ya kukaa ku kiti cha uwanja wa ndeke masaa mawili, kiisha kushika euro 90 za kila mwenye anakataliwa, hiyo hatutaiita usawa. Tunaipinga, na tutaendelea kuipinga. Mupaka siku ibadilike, tutaijua vizuri ili isitumiwe kutuibia mara mbili.

Yenye tunaomba

Kwa maajanse: muandike ku tangazo, kwa maandishi makubwa sawa yale ya bei, kama Mukongomani anahitaji viza, ngapi, na za wapi. Muandike ku resi, kwa luga yenye muteja anasoma, feza gani inarudi kama viza inakataliwa. Na musipokee feza yote mbele ya jibu la ambasade. Mwenye biashara yake ni safi hataogopa mistari tatu.

Kwa serikali: itie liste ya viza mu luga ine za taifa, ku redio na ku simu, na iifanye mupya kila mara. Iangalie maajanse yenye inatoa ruhusa ya kazi, na ifunge yenye inauza ndoto. Muamuzi akipata dosiye ya mutu wa namna hiyo, asiseme «ni mambo ya watu wawili». Ni wizi.

Kwetu sisi wenyewe, mbele ya kutoa hata dola moja:

Uliza bandari zote na viwanja vya ndeke vyote vya kupita, kwa maandishi.
Angalia kila inchi ku mutandao wa serikali yake ao wa ambasade yake, ku mustari wa COD. Usiangalie ku status ya mutu.
Uliza viza ni ya kuingia mara ngapi.
Hesabu siku kwa kurudi nyuma: siku ya meli, toa siku 45, toa siku za kupata rendez-vous, toa siku za paspoti. Kama hesabu haitoshi, meli hiyo haiko yako.
Weka rezerevasio yenye unaweza kuvunja bila hasara. Lipa yote siku viza iko mu paspoti.
Usisahau karata ya manjano. Inchi nyingi zinaiomba kwa mutu mwenye anatoka kwetu.
Chunga resi, chunga ujumbe, chunga sauti za WhatsApp. Ukiibiwa, leta. Tutakaa na wewe, tutaandika, tutasindikiza dosiye.

Hatumuambii mutu abakie nyumbani. Kuanzia 1 Septemba 2023 Mukongomani anaingia Kenya bila viza, na Mombasa kuko bahari ile ile yenye chumvi. Na hapo pia, uliza karatasi kwanza. Mwenye anataka kufika mbali zaidi, afike. Apande meli kichwa juu, na paspoti yake mu mufuko, viza ndani, na deni hana.

Tunachokataa ni kijana kusimama ku bandari ya watu na kapu ya nguo mukononi, akiangalia meli yenye alilipa ikienda.

Kwa hiyo leo usiku, tangazo likipita tena, musibonyeze moyo. Andikeni chini yake, wote, swali moja: «Na viza?» Kama hawajibu, mumekwisha kupata jibu.

Viza kwanza, feza nyuma. Mupitishe kwa wengine.